Likizo ya Meneja wa Hadolistoni

Jumatatu asubuhi, mbele ya wakuu wote wa idara, spika mbili zilizokuwa zikikoroma na keki yenye umbo la mpira, Mkurugenzi Mtendaji wa Manispaa ya Mikwajuni, Bwana Ferdinand Komba, aliutangazia umma kwamba kuanzia siku hiyo timu ya manispaa haitafungwa tena. Haitafungwa kwa sababu haitacheza tena. Wachezaji walikwisha kupewa barua za shukrani, jezi zilikwisha kurudi stoo, na kandanda la Mikwajuni lilikuwa linahamia rasmi kwenye kompyuta.

Makofi yalipigwa, na yalistahili. Mikwajuni iko mbele kidogo ya Gongo la Mboto, na timu yake ilikuwa imefungwa na kila aliyekubali kucheza nayo. Katika mechi ya mwisho ilifungwa na wauza matikiti wa soko la Mabibo, ambao walifika wakiwa tisa, na mmoja wao alicheza kipindi cha pili chote huku akiongea na mteja kwenye simu. Ndiye aliyefunga la nne.

"Tunaingia kwenye Mfumo," alisema Mkurugenzi, akiinua kisu cha keki. "Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Uongozi wa Kandanda. Mfumo huu haudanganyi. Kiongozi bora ataonekana, na kiongozi mbovu ataonekana."

Kwa lugha ya mtaani lilikuwa ni gemu. Lile gemu la kuwa kocha: unachagua klabu, unapanga kikosi, unanunua na kuuza wachezaji, halafu unakaa unatazama vidoti vikikimbizana kwenye kioo. Vijana hulianza wamelala chali, mkate mdomoni. Mikwajuni ililianza kwa semina elekezi kwenye hoteli ya ufukweni kule Kunduchi, semina ambayo ilifika mpaka mada ya kuwasha kompyuta na kuahirishwa hapo kwa sababu samaki walikuwa tayari.

Kazi yenyewe alikabidhiwa Brightson Mwasomola, Kaimu Afisa Michezo. Huyu Brightson alikuwa mtu safi, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye makwapa, na alikuwa amekaimu cheo hicho muda mrefu kiasi kwamba mwanawe wa mwisho, alipoulizwa shuleni jina la baba, aliandika "Kaimu". Mwalimu hakusahihisha. Jalada la kumthibitisha lilikuwa mezani kwa Mkurugenzi, chini ya kikombe cha chai, na kila Brightson alipoingia ofisini humo macho yake yalikwenda kwenye kikombe kabla ya kwenda kwa bosi.

"Brightson," Mkurugenzi alimwambia baada ya keki, "mie si mtu wa maneno mengi. Msimu wa Mfumo ukiisha na timu haijashuka daraja, jalada lako nasaini. Ikishuka, unakwenda Kitengo cha Mbwa Wazururao."

Mtumishi wa mwisho wa kitengo kile alistaafu kwa sababu za kiafya, na sababu zenyewe zilikuwa na meno.

Msaidizi wake katika jambo hili alikuwa Sekela, afisa wa kompyuta, mwanamke mwenye sauti ya kichovu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Walifungua kompyuta katika chumba cha mikutano. Swali la kwanza la gemu lilikuwa jina la meneja.

"Andika Brightson Mwasomola," alisema Sekela. "Sie ndo tunacheza."

"Hapana, dada. Mkuu wa taasisi ni Mkurugenzi. Andika Ferdinand Komba, halafu jina langu chini yake, na mbele yangu weka Kaimu."

"Hakuna sehemu ya Kaimu, bosi."

Brightson alikitazama kioo kwa masikitiko ya kweli. Gemu la watu walioendelea, na halijui kukaimu. Basi likaandikwa jina la Mkurugenzi peke yake. Gemu likauliza tena: meneja huyu aliwahi kucheza kwa kiwango gani, cha mtaani au cha kimataifa? Brightson akapiga simu ghorofa ya juu.

"Kimataifa," ilijibu simu.

"Samahani mzee, uliwahi kucheza nje?"

"Niliwahi kwenda nje."

Klabu waliyochagua ilikuwa ndogo, ya daraja la nne huko Uingereza, jezi za kahawia, jina lake gumu kutamka. Ofisini ikaitwa Hadolistoni na ikabaki hivyo. Kamati ya wakuu wa idara iliipenda kwa sababu mji wake, kwa mujibu wa gemu, uko pembeni ya mji mkubwa na wenyeji wake hawaridhiki. Wajumbe waliona wamefika nyumbani.

Pembeni mwa kioo kulikuwa na kitufe kimoja kimeandikwa "Endelea". Ukikibonyeza, siku inapita, kesho inafika. Usipokibonyeza, dunia ya gemu inasimama palepale. Sekela alinyoosha kidole.

"Usiguse," alisema Brightson.

"Tunaendelea tu, bosi."

"Tunaendelea kwa idhini ya nani? Kuendelea ni uamuzi. Uamuzi unataka kikao, kikao kinataka akidi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila siku moja ya Hadolistoni ilihitaji kikao kimoja cha Mikwajuni, chenye kufunguliwa, kupitia yatokanayo, na kufungwa kwa sala. Siku ambayo mjumbe wa Ardhi alikuwa na msiba, Waingereza nao walilazimika kubaki Alhamisi. Mechi ya kwanza ya kirafiki, ambayo kijana wa mtaani angeifikia kabla chai haijapoa, Mikwajuni waliifikia baada ya mvua za vuli kuanza na kwisha.

Kikosi kilipangwa kwa ukubwa kazini. Mchezaji aliyekaa klabuni muda mrefu kuliko wote alikuwa kipa wa tatu, mtu mzima mwenye watoto watano, hivyo akapewa nafasi ya mshambuliaji wa kati, ambayo wajumbe waliiona ndiyo yenye heshima. Kijana mmoja mwenye mbio za ajabu aliwekwa benchi hadi atakapomaliza kipindi cha majaribio. Mfumo wa uchezaji ulikuwa mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji wanne, kwa kuwa kila tarafa ilitaka mwakilishi mbele.

Walipohitaji mshambuliaji mpya, gemu lilileta orodha na Sekela akaonyesha jina.

"Huyu hapa. Mabao ishirini msimu uliopita, na klabu yake inamtoa kwa bei ya kutupa."

"Tumetangaza zabuni?"

"Bosi, huyu ni mtu."

"Ni ununuzi, dada Sekela. Ununuzi una sheria. Lete bei tatu za washambuliaji watatu, na anayeshinda ni wa bei ya chini."

Wa bei ya chini kabisa alikuwa na miaka thelathini na tisa na goti moja. Lile jingine, kwa mujibu wa maelezo ya gemu, lilikuwa "linafuatiliwa". Alisajiliwa kwa kauli moja, kamati ikajipongeza kwa kuokoa fedha za umma.

Kila asubuhi ujumbe uliingia kwenye sanduku la barua la gemu kutoka kwa mtu aitwaye Kolin. Kolin hakuwa mtu wa kweli. Alikuwa msaidizi wa meneja aliyetengenezwa na kompyuta yenyewe, na alikuwa na ushauri: kipa mzee asicheze mbele, kijana mwenye mbio aanze, mazoezi yapunguzwe Ijumaa.

"Huyu Kolin ni mtumishi wa daraja gani?" aliuliza Mkurugenzi siku aliyoshuka kukagua.

"Ni wa kompyuta, mzee," alisema Sekela.

"Wa mkataba, basi. Mwambieni apitishe mambo yake kwa mkuu wake wa kazi." Ushauri wa Kolin ukawa unapigwa chapa na kuwekwa kwenye jalada, kwa hatua zaidi.

Ligi ilianza, na Hadolistoni ikaanza kupigwa. Ilipigwa nyumbani na ugenini, ilipigwa na timu ambayo basi lake lilichelewa na wachezaji wakavalia njiani. Wakati wa mapumziko gemu humpa meneja nafasi ya kuzungumza na wachezaji kwa kuchagua sentensi. Mkurugenzi alitaka kwanza kuwatambua waheshimiwa waliopo, halafu aseme itifaki imezingatiwa. Hakukuwa na chaguo hilo. Sekela alimchagulia lililofanana nalo kwa karibu, nalo lilisema: "Sitegemei chochote kutoka kwenu." Wachezaji sita waliomba kuhama siku hiyohiyo.

Waandishi wa habari wa gemu nao hawakuacha kuuliza. Je, meneja ana hofu? Je, meneja anajua kipa wake yuko wapi? Jibu lilikuwa moja kila mara, sina la kusema, kwa kuwa msemaji wa taasisi ni Ofisi ya Uhusiano, na Ofisi ya Uhusiano ilikuwa kwenye semina.

Ilipofika Krismasi ya Uingereza, Hadolistoni ilikuwa ya mwisho, na kati yake na timu iliyokuwa juu yake palikuwa na pengo la kupitisha lori. Brightson alianza kupungua mwili. Jioni akitoka kazini aliwaona mbwa wa Mikwajuni wamejilaza kando ya barabara, wakimwangalia kwa utulivu, namna watu wanavyomwangalia mgeni waliyeambiwa atakuja. Mkewe Jenipher alimwona akijifunza kutembea kinyumenyume sebuleni.

"Baba, unaumwa?"

"Najiandaa kisaikolojia," alisema Brightson. Alikuwa na hofu, na hakuona aibu kuwa nayo.

Hapo ndipo safari ya Dodoma ilipoingia. Mkurugenzi alikuwa na vikao huko, vikao vya kuandaa vikao, na hakujua atarudi lini. Kabla ya kuondoka alimwita Brightson.

"Nikiwa Dodoma, kule kwenye Mfumo nitakuwa wapi?"

"Hadolistoni, mzee. Unafundisha."

Mkurugenzi aliweka kikombe chini, juu ya jalada. "Brightson, unataka kuniua? Nasafiri kwa idhini, jina langu liko Dodoma, halafu wakaguzi waje wanikute Uingereza nimesimama pembeni ya uwanja? Mtu hawezi kuwa vituo viwili. Nitoeni kule. Nisafirishwe na huko pia."

Brightson aliona hoja ni nzito. Mtu asiyewahi kukaa mbele ya mkaguzi angecheka, lakini Brightson aliwahi. Alishuka mbio kwa Sekela, Sekela akatafuta kwenye gemu, akakuta hakuna safari ya kikazi. Kulikuwa na likizo tu. Meneja anakwenda likizo, msaidizi anashika timu, na gemu linajiendesha lenyewe bila kumsubiri mtu.

"Likizo mpaka lini?" aliuliza Sekela.

"Mpaka atakaporudi."

"Linataka tarehe, au 'mpaka mwisho wa msimu'."

Brightson alifikiria Dodoma, akafikiria vikao vya kuandaa vikao. "Weka mwisho wa msimu, tutairekebisha akija."

Sekela akabonyeza. Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma, na siku za Hadolistoni, zilizokuwa zikisubiri akidi, zikaanza kupita kama zimefunguliwa mlango. Kolin akamtoa kipa mzee mbele. Kolin akamwingiza kijana mwenye mbio. Hadolistoni ikatoka sare.

"Zima," alisema Brightson. "Hakuna aliyeidhinisha."

"Bosi, nikizima inabidi mzee atoke likizo. Yuko Dodoma. Wakaguzi je?"

Brightson alikaa chini. Hadolistoni ikashinda. Ikashinda tena, ugenini, kwenye matope. Kijana mwenye mbio akafunga matatu. Mwenye goti moja akapelekwa kuwafundisha watoto, na gemu likasema amefurahi. Brightson na Sekela walikaa wakitazama vidoti, hawagusi kitu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe Brightson alisahau kwenda kula. Pengo likazibika. Timu ikatoka mkiani, ikapita katikati, ikapanda mpaka juu ya msimamo.

"Hatushuki," alisema Brightson kwa sauti ndogo. "Dada Sekela, hatushuki."

Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Ilikuwa njiani kuelekea nyumbani, akiwapita mbwa kwa mwendo wa kawaida, ndipo wazo lilipomjia kwamba timu imeanza kushinda tangu Mikwajuni ilipoiacha. Alilifukuza wazo hilo haraka. Halikuwa wazo la mtumishi anayesubiri kuthibitishwa.

Mkurugenzi aliporudi alikuta msimu wote umekwisha, imebaki siku moja tu ya kukabidhiwa kombe. Alilitazama jina lake juu kabisa ya msimamo wa ligi, akavua miwani.

"Falsafa yangu," alisema, "ilihitaji muda kuwaingia."

Iliamriwa ifanyike hafla ya kilele. Mahema yalifungwa kwenye uwanja wa zamani wa timu, projekta ikaletwa, na kitambaa cheupe kikatundikwa kwenye mwamba wa goli ili kila mwananchi aone. Mgeni rasmi alikuwa Mama Rosalia kutoka wizarani, mwanamke mfupi asiye na haraka, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kusikiliza hotuba. Madiwani walikaa mbele, kiongozi wao Mheshimiwa Badru akiwa na soda mbili. Wananchi walijaa, wengine wakidhani kuna mechi.

Mkurugenzi alihutubia kwa kirefu. Alisema Hadolistoni ni ushahidi. Alisema alichokifanya Hadolistoni ndicho anachokifanya Mikwajuni kila siku, na anayetaka kumpima ampime hapo. Kisha akamkaribisha mgeni rasmi abonyeze kitufe cha "Endelea", kombe litolewe.

Mama Rosalia alibonyeza. Matarumbeta ya gemu yalilia, karatasi za rangi zikamwagika kwenye kitambaa, na Kolin akaonekana amebeba kombe. Kisha karatasi zikatoweka, ukaja ujumbe mrefu wa Kiingereza.

"Hizo ni pongezi," alisema Mkurugenzi. "Sekela, watafsirie wananchi."

Sekela aliusoma kimya kwanza. Akamtazama Brightson. Brightson alijifanya anaangalia kamba za hema.

"Soma, mwanangu," alisema Mama Rosalia.

Sekela akasoma kwa sauti yake ya kichovu. "Kwa Ndugu Ferdinand Komba. Bodi ya klabu imepitia mwenendo wa msimu. Ulipokuwepo kazini, timu ilikuwa ya mwisho. Ulipokwenda likizo, timu imechukua ubingwa. Bodi imeridhika kwamba klabu haikuhitaji. Cheo chako amepewa Bwana Kolin. Tunakutakia kila la heri."

Kisha mtu nyuma kabisa akacheka, na kicheko kile kikasafiri mpaka mbele kwa madiwani, ambapo Mheshimiwa Badru alilazimika kutema soda.

"Ni hitilafu ya Mfumo," alisema Mkurugenzi.

"Umesema haudanganyi?" aliuliza Mama Rosalia. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. Akamgeukia Brightson. "Wewe ndiye mwenye Mfumo?"

"Shikamoo mama. Ni mimi, Kaimu Afisa Michezo."

"Marahaba. Mkurugenzi wako alipokuwa Dodoma, huku manispaa hali ilikuwaje?"

Brightson alisimama. Mkurugenzi alikuwa anamwangalia, na ndani ya macho yale Brightson aliona kikombe cha chai, na jalada, na chini kabisa mbwa. Alitaka kusema kwamba pengo lilikuwa kubwa na watumishi walimkosa sana. Maneno hayo alikuwa nayo tayari, yalikuwa mazuri, hayakumgharimu kitu. Lakini mbele yake walikaa watu walioyaishi yale majuma, nao walikuwa wanamngoja.

"Kulikuwa na utulivu, mama," alisema.

"Utulivu wa namna gani?"

"Taka za sokoni zilizolewa. Zilikuwa zinasubiri kikao cha taka, sasa kikao hakikuwepo, dereva akaona azizoe tu. Vibali vya ujenzi vilitoka. Mfereji wa Mtaa wa Msufini ulizibuliwa, maana aliyekataza usizibuliwe hadi aje auzindue hakuwepo." Alisita. "Na watu walikuwa wanawahi kwenda nyumbani, kwa sababu kazi ilikuwa inakwisha."

"Kweli kabisa, mama," ilisema sauti ya mwanamke kutoka kwa wananchi. "Mie kibali changu nilikipata nimesimama, sijakaa hata kwenye benchi."

Mama Rosalia alitikisa kichwa taratibu, akasimama mbele ya kipaza sauti. Alisema wizara imekuwa ikitafuta kwa muda mrefu kigezo cha kisayansi cha kupima viongozi, na inamshukuru Ndugu Komba kwa kukibuni na kujipima nacho mwenyewe, hadharani, bila kulazimishwa. Kwa kuwa Mfumo umeonyesha ni wapi mchango wake unakuwa mkubwa zaidi, wizara inampa likizo.

"Mpaka lini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mpaka mwisho wa msimu."

"Msimu gani, mama? Huku hatuna msimu."

"Nimelifikiria hilo," alisema Mama Rosalia, akaomba maji.

Jalada la Brightson lilisainiwa kesho yake na mkuu wa utumishi, ambaye alishangaa kugundua kwamba kumbe alikuwa na uwezo huo siku zote. Brightson alilia ofisini kwake, mlango wazi, na hakujali. Kisha akaandika barua moja fupi, isiyo na yatokanayo, akiwaita wachezaji warudi kuchukua jezi. Waliporudi uwanjani walifungwa na wauza matikiti tena, lakini mara hii walifungwa mawili tu, na mjini hapakuwa na mtu aliyekumbuka ushindi wenye furaha kama kipigo kile.

Bwana Ferdinand Komba alivumilia nyumbani kwa muda, akimwagilia maua na kuyafanyia vikao. Hatimaye asubuhi moja alivaa suti akaja manispaa kuulizia likizo yake inakwisha lini. Alijiandaa kwa siku nzima ya kusubiri, maana aliijua ofisi ile. Alikuja na gazeti, chupa ya chai na mto mdogo wa kukalia. Hakukuta foleni. Mwajabu wa mapokezi alimpa shikamoo, akasikiliza shida yake mpaka mwisho, akaingia ndani, na kabla mzee hajafungua gazeti alikuwa amesharudi na karatasi iliyopigwa mhuri.

"Tayari, mzee. Imeongezwa."